Dirhamu Katika Udongo Mweusi

Mwaka 1871, kijana wa Uswidi aitwaye Hjalmar Stolpe alishuka kwenye kisiwa kidogo cha Björkö akitafuta wadudu. Si wadudu hai. Aliwataka wale waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, walionaswa katika utomvu wa miti ya kale, utomvu ukakauka na kugeuka kaharabu. Kaharabu ni johari ya rangi ya asali, nyepesi mkononi, na ukibahatika kupata kipande kizuri ukakiinua juani, unaona ndani yake mbu mzima na mabawa yake. Stolpe alikuwa amesomea elimu ya wanyama, na kisiwani pale vipande vya kaharabu vilikuwa vikiokotwa mashambani.

Jambo moja halikumwingia akilini. Kaharabu haizaliwi Björkö. Pwani yake hasa iko kusini-mashariki mwa Bahari ya Baltiki, mamia ya kilomita ng'ambo ya maji. Nani aliifikisha huku? Akaanza kuchimba. Chini ya majani akakuta udongo mweusi uliojaa makaa, mifupa ya ng'ombe na samaki, shanga, na vitana vya pembe za kulungu vilivyovunjika meno. Udongo wa namna hiyo haujitengenezi wenyewe. Ni taka za watu walioishi mahali pamoja, bega kwa bega, kizazi baada ya kizazi. Stolpe akawaacha wadudu wake. Hadi kufikia mwaka 1895 alikuwa amefungua makaburi yapatayo 1,100, na dunia ikajua kwamba Björkö ndiyo Birka, mji wa wafanyabiashara uliotajwa katika vitabu vya zamani na ambao watu walikuwa wakibishana ulikuwa wapi.

Basi, wanangu, nataka niwasimulie habari za Birka na ndugu zake, miji midogo iliyozunguka Bahari ya Baltiki miaka zaidi ya elfu moja iliyopita. Nimezipenda habari hizi kwa sababu moja. Bidhaa zilisafiri kutoka milima ya Asia ya Kati hadi visiwa vya kaskazini kabisa, zikivuka majangwa, mito na bahari, na katika wale waliozibeba karibu hapakuwa na hata mmoja aliyeijua njia nzima. Kila mtu alimjua jirani yake wa mbele na wa nyuma, basi. Na bado mali ilifika.

Birka ilianza karibu na mwaka 750. Iko kilomita kama 30 magharibi ya mahali palipo na Stockholm sasa, ingawa wakati huo Stockholm haikuwapo hata kwa jina. Leo kisiwa kimezungukwa na Ziwa Mälaren, lakini enzi zile maji yale yalikuwa mkono wa bahari, na merikebu ziliingia moja kwa moja hadi kwenye magati ya mbao. Wakazi hawakuzidi elfu moja hivi. Msicheke. Katika nchi ambayo karibu kila mtu aliishi shambani na jamaa zake, kuona nyumba mia zimebanana, na vichochoro kati yake, na moshi wa wafua shaba, wachonga vitana na watengeneza shanga, lilikuwa jambo la kumfanya mgeni asimame akodoe macho. Mfalme mwenyewe hakukaa mjini. Kasri lake lilikuwa kisiwa cha jirani, Adelsö, ambako angeweza kuuangalia mji na kudai ushuru wake.

Mnaweza kudhani kwamba majira ya baridi, bahari inapoganda, biashara hulala. Kinyume chake kabisa. Manyoya ya wanyama huwa mazito na mazuri zaidi wakati wa baridi kali, na barafu ikishakomaa inakuwa barabara. Watu walifunga mifupa ya miguu ya ng'ombe au farasi chini ya viatu vyao, wakashika fimbo yenye ncha ya chuma, wakateleza juu ya bahari hadi sokoni. Viatu hivyo vya mifupa vimepatikana kwa wingi Birka.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana tumefika kwenye moyo wa mambo. Mtu amekuja na mzigo wa ngozi kutoka misitu ya Ufini. Mwingine ana panga zilizofuliwa kwa Wafaranki, kando ya mto Rhine. Wa tatu ana shanga za kioo. Hawaongei lugha moja, hawaabudu mungu mmoja, na hakuna mfalme mmoja anayewatawala wote. Pesa gani watakayoikubali wote watatu? Walikubaliana juu ya madini ya fedha, na wakayapima kwa mizani.

Mfanyabiashara alitembea na mizani ndogo ya shaba inayokunjika, inayoingia kwenye kikopo cha kutosha kiganjani. Upande mmoja aliweka mawe ya mizani, upande wa pili fedha yoyote iliyokuwapo: sarafu nzima, nusu sarafu, robo, kipande cha bangili, ncha ya bizimu iliyovunjika. Ikipungua, unakata kipande kingine kwa patasi. Ukiwa na shaka, unachoma kwa ncha ya kisu uone kama ndani ni fedha kweli au ni shaba iliyopakwa. Sarafu nyingi zilizofukuliwa zina vidonda vidogovidogo vya visu, alama za watu waliozipokea wakazijaribu kabla ya kuzikubali.

Na mawe yenyewe? Kuanzia miaka ya 870 hivi yalienea mawe ya aina mpya, ya mviringo yaliyobapa juu na chini, yenye moyo wa chuma na ngozi ya shaba nyeupe au nyekundu, yametiwa vidoti vya kuonyesha uzito wake. Ukitaka kuiba kwa kulikwangua jiwe lipungue, ngozi ya shaba inachanika na chuma kinaonekana, kinashika kutu, na kila mtu anajua wewe ni mwizi. Umbo lake na vipimo vyake viliigwa kutoka nchi za Kiislamu. Mawe ya namna hiyo yamefukuliwa Birka, kisiwa cha Gotland, miji ya Truso na Ladoga, hadi kando ya mto Volga. Fikirini juu yake: watu ambao hawajawahi kuonana wala kusikia majina ya wenzao wanatumia kipimo kimoja, na hakuna serikali iliyowalazimisha.

Sarafu zile zilikuwa dirhamu, sahani nyembamba za fedha za uzito wa gramu kama tatu. Wale kati yenu wanaosoma madrasa wangeshangaa zaidi ya watoto wa Uswidi wakizishika mkononi, kwa sababu hakuna picha ya mfalme juu yake. Kuna maandishi tu, kwa hati ya Kikufi isiyo na nukta. Katikati imeandikwa La ilaha illa Allah. Pembeni, kwa maneno, limeandikwa jina la mji ilikopigwa na mwaka wa Hijria. Kwa hiyo mtaalamu akiokota dirhamu shambani Uswidi anaweza kukwambia: hii ilipigwa Baghdad, hii Samarkand, hii Bukhara, hii al-Shash ambayo leo ni Tashkent. Zimepatikana Uswidi kwa makumi ya maelfu, na nyingi zimetoka kisiwa cha Gotland, katikati ya bahari ile.

Mwaka 1999, katika shamba liitwalo Spillings huko Gotland, ilifukuliwa hazina ya fedha yenye uzito wa kilo 67, sarafu zaidi ya 14,000 pamoja na mamia ya bangili. Ilifukiwa chini ya sakafu ya jengo la shamba muda mfupi baada ya mwaka 870. Kati ya sarafu zile imo moja ya ajabu. Ilipigwa na Wakhazari, taifa lililotawala kaskazini mwa Bahari ya Kaspi na ambalo wakubwa wake walifuata dini ya Kiyahudi. Wao waliiga dirhamu kwa Kiarabu, lakini mahali pa jina la Mtume Muhammad wakaandika kwamba Musa ni mjumbe wa Mungu. Mkulima wa Gotland, ambaye hakuwa Mwislamu wala Myahudi, aliipima kwa mizani, akaiona ni fedha safi, akaiweka pamoja na nyingine.

Njia yenyewe ilikuwaje? Kutoka Birka unavuka bahari kuelekea mashariki, unaingia Ghuba ya Ufini, unapanda mto Neva hadi Ziwa Ladoga, kisha mto Volkhov. Hapo kuna mji unaoitwa leo Staraya Ladoga. Mbao za kale kabisa zilizopatikana pale zilitokana na miti iliyokatwa mwaka 753. Wataalamu wameujua mwaka huo kwa kuhesabu pete za ukuaji ndani ya mbao. Ladoga ndipo merikebu kubwa za baharini ziliachwa, watu wakahamia kwenye mitumbwi myepesi ya mtoni. Mbele kulikuwa na maporomoko, na mahali ambapo mto mmoja unaisha na mwingine haujaanza. Hapo mitumbwi ilitolewa majini na kuburutwa nchi kavu juu ya magogo, kama wavuvi wetu wanavyoivuta ngalawa ufukweni, tofauti ni kwamba hawa walivuta msituni, katikati ya matope na mbu, wakiwa na mizigo ya mwaka mzima. Kisha Volga. Na kwenye mzunguko wa Volga kuna Bulgar, soko kubwa ambako watu wa kaskazini waliuza na misafara ya ngamia kutoka Khwarazm na Bukhara ikanunua.

Tunaye shahidi aliyewaona. Mwaka 921 Khalifa al-Muqtadir wa Baghdad alituma ujumbe kwa mfalme wa Bulgar, na katika ujumbe ule alikuwamo Ahmad ibn Fadlan. Alifika Mei 922 baada ya safari iliyomkausha kwa baridi. Pale mtoni aliwakuta wafanyabiashara walioitwa Warus, watu wa asili ya kaskazini. Aliandika kwamba hakuwahi kuona miili iliyokamilika kama yao, mirefu kama mitende. Aliandika pia, kwa karaha kubwa, juu ya uchafu wao. Akaeleza jinsi kila mmoja akishuka chomboni anavyokwenda mbele ya gogo lililochongwa uso wa mtu, akaweka mkate, nyama, vitunguu na pombe, akataja mali yote aliyokuja nayo, akaomba aletewe mnunuzi mwenye dinari na dirhamu nyingi, ambaye hatabishana naye bei. Nikisoma mahali hapo huwa namwona mtu yule waziwazi: amesafiri miezi, amechoka, na anaogopa kurudi na mzigo wake.

Ibn Fadlan anasema wanawake wao walivaa shingoni pete za dhahabu na fedha. Mume akifikisha dirhamu elfu kumi humvisha mkewe pete moja. Akifikisha elfu ishirini, mbili. Kitu walichokipenda kupita vyote kilikuwa ushanga wa kijani, ambao kipande kimoja walikuwa tayari kukinunua kwa dirhamu nzima.

Waliuza nini? Ngozi za kindi, mbweha, vicheche na wanyama wengine wa misitu ya baridi, maana matajiri wa Baghdad na Bukhara walijivunia kofia na majoho yenye manyoya. Waliuza asali na nta, kaharabu, panga, kozi wa kuwindia, na meno marefu ya mnyama mkubwa wa bahari ya barafu, ambayo yalichongwa kama pembe za ndovu.

Waliuza pia watu. Sitawaficha hilo. Katika vijiji vya Waslavi, katika visiwa vya Uingereza, popote ambapo chombo kingeweza kufika usiku, vijana na wasichana walitekwa wakauzwa, na sehemu ya fedha ile inayong'aa leo kwenye makumbusho ni bei yao. Minyororo ya chuma imefukuliwa katika miji hii. Askofu mmoja, Rimbert, alipita katika soko la Hedeby akawaona mateka wamefungwa. Mmoja wao alikuwa mtawa wa kike, akaimba zaburi ili askofu amtambue. Rimbert hakuwa na pesa ya kutosha. Akamtoa farasi wake pamoja na tandiko, ili mama yule aachiliwe. Wengine walibaki pale pale, na hakuna aliyeandika majina yao.

Hedeby ilikuwa kubwa kuliko Birka. Imo kaskazini mwa Ujerumani ya sasa, mwisho wa mkono mrefu wa bahari uitwao Schlei, mahali ambapo nchi kavu kati ya Baltiki na Bahari ya Kaskazini ni nyembamba kabisa. Ukishusha mzigo Hedeby, unaukokota kwa mkokoteni kilomita kama 18 tu, unafika mto unaoshuka hadi bahari ya pili. Umeepuka safari ndefu ya kuizunguka Denmark, yenye mawimbi na maharamia. Mfalme Godfred wa Wadeni aliitambua faida hiyo. Mwaka 808 aliuvunja mji wa Reric, uliokuwa wa Waslavi, karibu na Wismar ya leo, akawachukua wafanyabiashara wake akawahamishia kwake. Dhahabu na fedha angeweza kuzipora popote. Godfred aliwachukua watu, kwa sababu wao ndio waliokuwa wakiwajua wenzao ng'ambo ya bahari.

Kutoka Hedeby, baharia aitwaye Wulfstan alisafiri hadi Truso, na habari zake ziliandikwa katika jumba la Mfalme Alfred wa Uingereza mwishoni mwa karne ya 9. Alitweka tanga siku saba mchana na usiku bila kusimama. Truso ilikuwa karibu na Elbląg, Polandi, kwenye mlango wa nchi ya kaharabu. Wulfstan alikuwa na macho ya mtoto, na namsifu kwa hilo. Anasema watu wa huko matajiri hunywa maziwa ya farasi, na maskini na watumwa hunywa pombe ya asali. Mtu akifa hukaa nyumbani mwezi mzima au zaidi, kwa kuwa wanajua namna ya kuugandisha mwili, na siku zote hizo jamaa wanakunywa na kucheza. Kinachobaki katika mali yake hugawanywa mafungu, hupangwa njiani, fungu kubwa likiwa mbali zaidi na mji. Kisha wenye farasi wepesi wanashindana, na anayefika kwanza analichukua. Ndiyo maana, anasema, farasi wepesi nchi ile ni ghali kupita kiasi.

Mgeni mwingine alikuja Hedeby akitoka upande wa pili kabisa. Ibrahim ibn Yaqub wa Tortosa, Hispania, alipita huko karibu na mwaka 965. Aliuita mji mkubwa ulio mwisho kabisa wa bahari ya dunia. Chakula chao samaki, maana samaki ni wengi. Wanaume kwa wanawake hupaka rangi machoni. Mwanamke anaweza kumwacha mumewe wakati wowote apendao. Na nyimbo zao, akasema, hajasikia mbaya kama hizo. Sauti inatoka kooni kama mbwa wanavyobweka.

Wanawake wa miji hii hawakukaa ndani wakisubiri. Kule Birka, katika kaburi lenye upanga, shoka, mikuki, mishale na farasi wawili, ambalo tangu siku za Stolpe lilihesabiwa kuwa la shujaa mwanamume, uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha mifupa ni ya mwanamke. Na Rimbert, katika kitabu chake juu ya mmisionari Ansgar, amesimulia habari za Frideburg, mwanamke mzee tajiri wa Birka aliyekuwa Mkristo. Alipokaribia kufa alimwita bintiye Catla akamwambia mali yake igawiwe maskini. Na kwa kuwa Birka maskini ni wachache, aipeleke Dorestad, katika nchi inayoitwa leo Uholanzi, ambako ni wengi. Catla akaenda. Dini ya Frideburg ililetwa Birka na Ansgar aliyewasili mara ya kwanza kama mwaka 829, baada ya maharamia kumnyang'anya zawadi zote za kifalme na vitabu karibu arobaini. Bahari aliyoivuka binti yule ilikuwa na hatari hizo hizo.

Kuna mahali njia hizi zinakutana na pwani yetu. Wakati Birka inachemka kwa biashara, Shanga, karibu na Lamu, ilikuwa tayari mji. Na mtu mmoja alizijua pande zote mbili: al-Masudi wa Baghdad. Mwaka 304 wa Hijria, yaani 916, alipanda chombo kutoka Qanbalu, kisiwa ambacho wataalamu wengi wanadhani ni Pemba, akaenda Oman. Aliandika juu ya pembe za ndovu za nchi ya Zanj zinazopelekwa Oman, na kutoka hapo India na China. Mtu huyo huyo aliandika juu ya Warus walioshuka mto Volga kwa merikebu mia tano wakapora pwani za Kaspi. Masoko ya Baghdad na Basra yalivuta bidhaa kutoka Baltiki kwa mkono mmoja na kutoka kwetu kwa mkono mwingine. Meno ya mnyama wa barafu na pembe za ndovu wetu vilitamaniwa na matajiri wa ulimwengu ule ule.

Birka haikudumu. Katika sehemu zile za dunia nchi kavu inainuka polepole, kwa sababu zamani ilibanwa na barafu nzito mno, na tangu barafu iyeyuke inaendelea kujiinua. Tangu siku za Birka imepanda mita kama tano, na milango ya bahari iliyoelekea mjini ikawa inazidi kupungua kina. Wakati huo huo fedha ya Asia ya Kati ilichakachuliwa, dirhamu zikawa na shaba nyingi, kisha zikakoma kuja. Miaka ya 970 mji ulikuwa mtupu, na karibu na 980 mji mpya wa Sigtuna ulikuwa umeanzishwa kaskazini zaidi. Hedeby iliendelea hadi mwaka 1066, ilipochomwa na Waslavi, na watu wake wakahamia Schleswig, ng'ambo ya maji.

Wakulima wa Gotland hawakuacha biashara. Walisikia kwamba sasa fedha inachimbwa katika milima ya Harz, Ujerumani, na kwamba wafalme wa Uingereza wanalipa kwa sarafu nzuri ili wasivamiwe. Wakageuza matanga kuelekea magharibi. Katika hazina walizofukia baada ya mwaka 1000, dirhamu zinapungua na nafasi yake inachukuliwa na sarafu zenye msalaba na jina la mfalme, nazo pia zimechomwa kwa ncha ya kisu na kupimwa kwa mizani ileile.